Waziri akitia sahihi ng'ambo, nani anamuuliza?

Nchi yetu imepakana na nchi tisa. Kwa hiyo kwetu sisi mambo ya nje si mambo ya mbali. Neno linalokubaliwa Nairobi, Luanda, Doha au Washington linafika bila kuchelewa kwenye barabara ya Rutshuru, kwenye soko la Uvira na kwenye kambi za watu waliokimbia vita. Mama anayeuza mihogo kule Beni labda hajasoma mkataba hata mmoja maishani mwake, lakini anajua vizuri ni askari wa nchi gani wamepita mbele ya meza yake.

Wengi wetu tunapata habari hizi kwa redio, na tunazipokea kama tunavyopokea mvua. Imenyesha, basi. Askari wameingia, mkataba umetiwa sahihi, jeshi fulani limeondoka. Hatujui nani aliuliza kabla, wala nani atauliza baadaye. Lakini Katiba yetu haikukusudia tukae hivyo. Imewapa wabunge, wale tunaowaita madepite, njia za kumsimamisha waziri na kumuuliza: Umekubali nini kwa jina letu?

Ndugu msomaji, katika makala hii tutaeleza njia hizo kwa maneno mepesi. Tutaona pia mambo yaliyotokea kweli katika nchi yetu, na kazi ambayo raia wa kawaida anaweza kufanya.

Nani anaongoza mambo ya nje?

Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006 imegawa kazi hii. Kifungu cha 91 kinasema kwamba ulinzi, usalama na mambo ya nje ni sehemu ambazo Rais wa Jamhuri na serikali wanafanya kazi pamoja. Kifungu cha 213 kinampa Rais uwezo wa kujadili na kuthibitisha mikataba na mataifa mengine. Serikali nayo inaweza kufunga mapatano yasiyohitaji kuthibitishwa, baada ya kuyazungumza katika baraza la mawaziri, lakini inapaswa kulijulisha Bunge la Taifa na Seneti.

Rais haitwi Bungeni kuhojiwa. Anapotuma ujumbe kwa wabunge, ujumbe huo haufuatwi na mjadala. Anayepaswa kujibu ni serikali: Waziri Mkuu, waziri wa mambo ya nje, waziri wa ulinzi, na mawaziri wengine kila mmoja kwa kazi yake. Kifungu hichohicho cha 91 kinasema wazi kwamba serikali inawajibika mbele ya Bunge la Taifa.

Jambo hili ni la kushika vizuri. Mara nyingine waziri anaweza kutaka kujificha nyuma ya Rais na kusema, "Hayo ni mambo ya mkuu wa nchi." Kwa Katiba yetu jibu hilo halitoshi. Mahali penye kazi ya pamoja, kila mmoja anajibu kwa sehemu aliyoifanya. Waziri aliyekaa kwenye meza ya mazungumzo, aliyebeba kalamu, aliyetuma barua, anaweza kuulizwa.

Njia tano za kuuliza

Kifungu cha 138 kinataja njia tano ambazo Bunge la Taifa na Seneti wanatumia ili kupata habari na kuichunguza serikali.

Ya kwanza ni swali la kuandika au swali la mdomo. Swali la kuandika linapelekwa kwa waziri, naye anajibu kwa maandishi. Halina kelele, lakini lina faida moja kubwa: jibu linabaki kwenye karatasi, na mwaka kesho mbunge anaweza kulitoa na kusema, "Waziri, hivi ndivyo ulivyotuandikia." Swali la mdomo linaulizwa mbele ya wabunge wote, pamoja na mjadala au bila mjadala. Halimaliziki kwa kura.

Ya pili ni swali la mambo ya siku, kwa jambo lililotokea sasa hivi ambalo haliwezi kungoja. Kama leo jeshi la nchi jirani limevuka mpaka, hii ndiyo njia ya haraka ya kumtaka waziri aje kueleza.

Ya tatu ni kumwita waziri ajieleze, ile ambayo redio zetu zinaiita interpelasyo. Hii ni nzito kuliko swali. Swali linatafuta habari. Interpelasyo inamtaka waziri atoe sababu za kazi yake na kuitetea. Waziri anayeitwa hivyo anajua kwamba nyuma yake kunaweza kuja hoja ya kumwondoa.

Ya nne ni kamati ya uchunguzi. Wabunge wachache wanatumwa kutafuta ukweli: wanasoma makaratasi, wanasikiliza mashahidi, wanafika mahali penyewe, kisha wanaleta ripoti.

Ya tano ni kusikilizwa na kamati. Waziri, mkuu wa kampuni ya serikali au mkubwa wa idara anaitwa mbele ya kamati ya Bunge, kwa mfano ile ya mahusiano ya nje au ile ya ulinzi na usalama. Huko watu ni wachache, hakuna sana kushangiliwa, na mara nyingi maswali yanaingia ndani zaidi kuliko katika ukumbi mkubwa.

Siku ya swali inaendaje?

Mbunge anaandika swali lake na kulipeleka kwa ofisi inayoongoza Bunge. Ofisi inalituma kwa waziri, kisha inalipanga kwenye ratiba ya kikao. Hapa pana mlango mwembamba: swali lisilopangwa kwenye ratiba halijibiwi. Linaweza kukaa ndani ya sanduku la meza mpaka kikao kimalizike.

Siku ikifika, mwenye swali anapanda kwanza na kulieleza. Waziri anajibu. Kama kuna mjadala, wabunge wengine wanajiandikisha na kuongeza maswali yao. Yakiwa mengi, waziri anaomba muda wa saa 48 ili atayarishe majibu, kisha anarudi. Desturi hiyo si mbaya, kwa sababu jibu lililotafutwa ni bora kuliko jibu la kukisia. Lakini saa 48 zinatosha pia kupoza mambo. Wengine wanasahau, redio zinapata habari nyingine, na waziri anaporudi ukumbi hauna moto tena. Mbunge mwenye bidii ndiye anayekuwepo siku ya pili na daftari lake, akisoma swali moja moja: hili umejibu, hili bado.

Vikao ni vya wazi. Katiba inaruhusu milango ifungwe kwa namna ya pekee tu. Kwa mambo ya vita mawaziri wanapenda milango ifungwe, na kweli kuna siri za kulindwa: hakuna mtu mwenye akili anayetaka njia ya askari wetu itangazwe kwa redio. Lakini tutaona hapa chini kwamba si kila kitu kinachoitwa siri ni siri.

Swali linapogeuka kuwa kura

Kama waziri hakuridhisha, Bunge la Taifa lina silaha nyingine katika vifungu vya 146 na 147. Hoja ya kutokuwa na imani na waziri mmoja inahitaji sahihi za sehemu moja ya kumi ya wabunge. Bunge la Taifa lina viti 500, kwa hiyo ni sahihi 50. Hoja ya kuangusha serikali yote inahitaji robo, yaani sahihi 125. Baada ya hoja kuwekwa, wanangoja saa 48 kabla ya kujadili na kupiga kura. Ili ipite, lazima zaidi ya nusu ya wabunge wote waikubali, yaani 251, si nusu ya wale waliofika siku hiyo tu.

Seneti inaweza kuuliza kwa njia zote tano, lakini haiwezi kumwangusha waziri wala serikali. Uwezo huo ni wa Bunge la Taifa peke yake.

Silaha hii si ya mapambo. Tarehe 27 mwezi wa kwanza 2021, wabunge 367 walipiga kura ya kuiangusha serikali ya Waziri Mkuu Sylvestre Ilunga Ilunkamba, naye akajiuzulu. Ilikuwa wakati wa vita ya siasa kati ya kambi mbili zilizotawala pamoja, si kwa sababu ya mambo ya nje. Lakini ilionyesha kwamba milango hiyo inafunguka kweli wabunge wakitaka.

Mwaka wa 2008: mkataba na Wachina

Katika mwezi wa nne 2008 nchi yetu ilifunga mapatano makubwa na makampuni ya serikali ya China. Wao wangejenga barabara, hospitali na mashule. Sisi tungelipa kwa shaba na kobalti. Hesabu iliyotangazwa ilikuwa dola bilioni 9. Katika kampuni iliyoundwa, Sicomines, upande wa China ulichukua asilimia 68 na upande wa Gécamines asilimia 32.

Mwezi uliofuata, waziri Pierre Lumbi alikuja Bungeni kueleza mapatano hayo. Wabunge wa upinzani walitoka nje ya ukumbi kwa kupinga. Kutoka nje kunaonyesha hasira, na hasira inaweza kuwa ya haki. Lakini aliyetoka hakuuliza, na asiyeulizwa hajibu.

Mwaka wa 2009 mapatano yalipunguzwa mpaka karibu dola bilioni 6, baada ya Shirika la Fedha la Kimataifa kuhofia deni. Mwaka wa 2023 Wakaguzi Wakuu wa Fedha wa nchi yetu walitoa ripoti kali: katika barabara na majengo, nchi ilikuwa imepata kazi za dola milioni 822 tu, miaka karibu 15 baada ya sahihi. Mwaka wa 2024 mapatano yalirekebishwa tena, na fedha za ujenzi zikapandishwa mpaka dola bilioni 7. Yaani maswali ya 2008 hayakufa. Nani anapima thamani ya shaba? Barabara ngapi, wapi, kwa bei gani, na zitakwisha lini? Yalirudi yote, lakini kizazi kizima cha watoto kilikuwa kimekwisha kukua pasipo mashule yale.

Mwaka wa 2009: askari waliingia Bunge likiwa mapumzikoni

Tarehe 20 mwezi wa kwanza 2009, maelfu ya askari wa Rwanda waliingia Kivu ya Kaskazini kwa kazi ya pamoja na jeshi letu dhidi ya FDLR. Kazi hiyo iliitwa Umoja Wetu. Tarehe 25 mwezi wa pili waliagwa rasmi mjini Goma.

Tuangalie sasa kalenda ya Katiba. Kikao cha kawaida cha kwanza kinafunguliwa tarehe 15 mwezi wa tatu na kufungwa tarehe 15 mwezi wa sita. Cha pili kinaanza tarehe 15 mwezi wa tisa mpaka tarehe 15 mwezi wa kumi na mbili. Kumbe kazi yote ya Umoja Wetu, tangu kuingia mpaka kuagwa, iliangukia katikati ya vikao viwili vya kawaida.

Vital Kamerhe, aliyekuwa rais wa Bunge la Taifa, alisema kwa Radio Okapi kwamba hakuarifiwa juu ya kuingia kwa askari hao. Kwa neno hilo, watu wa muungano wake mwenyewe wa kisiasa walimkasirikia na kumtaka aondoke. Tarehe 25 mwezi wa tatu 2009, siku chache baada ya kikao kufunguliwa, alijiuzulu.

Kila mmoja ana mawazo yake juu ya mwanasiasa huyo, na makala hii haimpimi. Tunapima jambo lenyewe. Jeshi la kigeni liliingia nchini. Kiongozi wa wawakilishi wa watu akasema hadharani kwamba hakujua. Na mwisho wake, aliyepoteza kiti ni yule aliyesema. Funzo hilo lilieleweka na wengi: katika mambo ya nje, kuuliza kunaweza kukugharimu hata ukiwa wa kambi ya serikali. Ndiyo maana mbunge anayeuliza anahitaji watu nyuma yake.

Tarehe 30 mwezi wa kumi na moja 2021, jeshi la Uganda liliingia Beni na Ituri dhidi ya ADF, katika kazi inayoitwa Shujaa. Mara hii kikao kilikuwa kimefunguliwa. Hata hivyo, watu wengi wa Beni walitambua habari hiyo kwa mlio wa mabomu kabla ya kusikia waziri yeyote akiwaeleza.

Na kama Bunge liko mapumzikoni? Katiba inaruhusu kikao cha pekee kwa jambo lililotajwa. Kinaweza kuombwa na ofisi ya Bunge, na nusu ya wabunge, na Rais wa Jamhuri au na serikali. Kwa hiyo mapumziko si kufuli.

Wengine walihesabu askari waliokuja kwetu

Kuna jambo ambalo linapaswa kutufikirisha. Mwezi wa kumi na moja 2022, kabla ya Kenya kutuma askari wake Goma katika jeshi la Jumuiya ya Afrika Mashariki, jambo hilo lilipita katika Bunge la Nairobi, kwa sababu Katiba yao inadai ruhusa ya Bunge kabla ya jeshi kufanya kazi nje ya nchi. Wabunge walielezwa kwamba askari ni zaidi ya 900, na kwamba miezi sita itagharimu zaidi ya shilingi bilioni 4. Yote hayo yalisemwa wazi na kuandikwa katika magazeti.

Afrika Kusini nayo, ilipotuma askari katika jeshi la SADC lililokuja Kivu ya Kaskazini, Rais wake aliliandikia Bunge barua: askari 2,900, mpaka tarehe fulani, kwa zaidi ya randi bilioni 2. Mwezi wa kwanza 2025, wakati wa vita ya Goma na Sake, askari 14 wa Afrika Kusini waliuawa. Waziri wao wa ulinzi aliitwa mbele ya kamati ya wabunge, naye akaulizwa kwa ukali: walikuwa na silaha gani, nani aliwapa msaada, kwa nini wako kule bado?

Basi hesabu ya askari, muda wao na gharama yao si siri zisizoweza kutajwa. Kama mbunge wa Nairobi anaweza kuuliza ni askari wangapi wanakwenda Goma, kwa nini mbunge wa Goma asiulize ni wangapi wanakuja?

Kutoka hapo tunaweza kupata kipimo cha swali zuri juu ya mambo ya nje. Swali zuri halina matusi wala hotuba ndefu. Lina mambo machache: Nani anakuja, au nani amekubali? Wangapi, au kiasi gani? Mpaka lini? Kwa fedha za nani? Wakitenda vibaya, watahukumiwa na nani? Na raia aliyeumizwa apeleke wapi mashitaka yake? Waziri anaweza kuzunguka swali pana kama "Serikali inafanya nini juu ya amani?" kwa saa nzima. Swali la "Mpaka tarehe gani?" halizungukiki kwa urahisi.

Mkataba haumaliziki kwa sahihi

Maswali si nafasi pekee ya Bunge. Kifungu cha 214 kinasema kwamba mikataba ya amani, mikataba ya biashara, ile inayohusu mashirika ya kimataifa na kumaliza magomvi kati ya mataifa, ile inayogusa hazina ya nchi, na ile inayobadilisha sheria, haiwezi kuthibitishwa ila kwa sheria. Sheria inapigiwa kura Bungeni. Kifungu hicho kinaongeza kwamba hakuna kuachia, kubadilisha wala kuongeza ardhi pasipo watu wa Kongo kukubali kwa kura ya maoni. Tena kutangaza vita kunahitaji ruhusa ya Bunge la Taifa na Seneti.

Tarehe 27 mwezi wa sita 2025, waziri wetu wa mambo ya nje, Thérèse Kayikwamba Wagner, alitia sahihi makubaliano ya amani na mwenzake wa Rwanda huko Washington. Wengi waliona picha na kudhani kazi imekwisha siku ile. Kwa Katiba, sahihi ya waziri ni mwanzo wa njia. Mkataba wa amani ni mmoja wa ile inayotajwa katika kifungu cha 214. Na kila mkataba unaofika mbele ya wabunge unafungua mlango wa maswali tuliyoyataja: nani anaondoka, mpaka lini, nani anahakikisha, na madini yetu yanaingia wapi katika hesabu hiyo. Mbunge anayeuliza hayo hapingi amani. Anataka amani yenye maneno yanayoeleweka, ili mtu asije kesho akasema hatukuelewana.

Aliyeuliza anaweza kuulizwa

Kwa wale wanaofikiri kwamba kuuliza ni kazi ya bure, kuna kisa cha Kamati Lutundula. Wakati wa serikali ya mpito, wabunge chini ya uongozi wa Christophe Lutundula walichunguza mikataba iliyofungwa wakati wa vita za 1996 na 1998. Ripoti ilikabidhiwa mwezi wa sita 2005, na ilichukua miezi mingi kabla ya kugawanywa kwa wabunge mwanzoni mwa 2006. Ilicheleweshwa, lakini haikuzikwa. Mpaka leo watu wanaochunguza mikataba ya madini wanaifungua.

Mwaka wa 2021, Christophe Lutundula huyohuyo aliwekwa kuwa waziri wa mambo ya nje, mpaka 2024. Aliyekuwa muulizaji akakaa kwenye kiti cha kuulizwa. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Viti vinabadilika, leo unauliza, kesho unaulizwa. Waziri mwenye hekima haoni swali kama adui, maana siku moja atakuwa raia anayengoja jibu kama sisi.

Raia afanye nini?

Kifungu cha 101 kinasema kwamba mbunge anawakilisha taifa lote, wala hawezi kufungwa kwa amri ya waliomchagua. Kwa hiyo hatuwezi kumwamuru. Lakini hakuna kifungu kinachomkataza kutusikia, wala kinachotukataza kumuuliza yeye aliuliza nini. Tena maana yake ni kwamba mbunge wa Matadi au wa Mbandaka ana haki kamili ya kuuliza juu ya Beni na Uvira. Kivu si mzigo wa wabunge wa Kivu tu.

Kwanza, tujue kalenda. Wakati wa mapumziko wabunge wanarudi kwa waliowachagua. Mbunge akifika kwenu, baada ya salamu na nyimbo, mwulizeni kwa heshima: "Mheshimiwa, katika kikao kilichopita ulimwuliza waziri gani, juu ya nini, na alijibu nini?" Msiridhike na "tunafuatilia".

Pili, tuandike. Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya serikali, peke yake au pamoja na wengine, na mamlaka hiyo inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Kikundi cha mama, vijana wa mtaa, walimu wa shule moja, wanaweza kuandika ukurasa mmoja wenye maswali matatu au manne yaliyo wazi, wakatia sahihi na tarehe, na kubaki na kopi. Kopi moja mpeni mbunge wenu, ili swali lenu liwe na miguu ya kufika ukumbini.

Tatu, tuwalinde wanaouliza. Mbunge akiuliza swali gumu juu ya askari au mkataba, wengine watamwita msaliti, au watasema anasaidia adui. Kabla ya kurudia neno hilo kwenye simu zetu, tusome swali lenyewe. Kama linauliza idadi, muda, fedha na sheria, basi linauliza kwa ajili ya mama yule wa Beni na meza yake ya mihogo. Anayetenda kwa jina lake ng'ambo anadaiwa kumweleza, na mbunge ndiye mdomo aliopewa wa kudai.